Tulipita Mlango wa Melkiori

Faida mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho kwenye parking, ukipanda gari la kwenda masomoni Bukavu, kwa hiyo hapa siziweki. Na mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutomfungulia mtu usiyemjua, shangazi yako amekuimbia wiki nzima mpaka umechoka, nayo nayaacha. Naandika kwa sababu kuna jambo ninalojaribu kukuambia tangu Jumapili na ninashindwa. Kila nikifungua mdomo unanikata: "Mama, weye iko na wivu na baba mudogo." Karatasi haikatwi maneno. Ndiyo maana nimeichagua.

Kiswahili hiki ni cha masista walionifundisha darasani. Nikikasirika kitageuka kile cha mtaani kwetu Nyamianda, hapa Uvira, na nakuonya mapema kwamba nitakasirika.

Jumapili iliyopita kule Runingu ulisimama mbele ya watu, ukashika mikrofoni ya baba mdogo wako, ukaeleza jinsi baba yako alivyokufa. Ulisema Barundi walimwacha afe kwa sababu hakuwa mtu wao. Ulisema muganga Melkiori, Murundi wa kituo cha afya, alimwangalia akikata roho na hakunyoosha mkono. Ukalia. Wamama wakalia pamoja nawe, na wanaume wakatazama chini. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nimevaa kitenge chenye sura ya baba mdogo wako, na nilipiga makofi. Sasa sauti yako inazunguka kwenye simu. Jana mwanamke mmoja alikuja kununua mchele kwangu, akaniwekea niisikie. Hakujua kwamba anayelia ni mtoto wangu. Alimhurumia, akasema yatima huyu ameongea vizuri.

Na wewe unajua, hata kama unajifanya hujui, kwa nini ulipewa mikrofoni. Kituo cha afya cha Runingu kinaletewa enfirmie mpya, muuguzi msichana wa Kirundi anayekaribiana nawe kwa umri. Jumapili hii watu watakusanyika kwa shefu wa kijiji kuamua kama watampokea au watamfukuza. Baba mdogo wako anataka wamfukuze. Uchaguzi unakaribia, na hana neno lingine la kuwaambia watu.

Faida, ile habari uliyoieleza haikutokea. Sisemi umedanganya. Uliinyonya, na mimi ndiye niliyekunyonyesha.

Ilikuwa hivi. Baba yako alikuwa na henia, uvimbe wa kinenani ambao kila mkulima mwenye kubeba magunia anaujua. Ulikuwa unatoka na kurudi miaka yote, na yeye anafanya mzaha nao. Asubuhi moja ya masika ulitoka ukakataa kurudi. Tumbo likawa gumu, akaanza kutapika. Baba mdogo wako alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakasimama uani kushauriana. Baba yako alikuwa amelala kwenye mkeka, akili yake nzima kabisa, akasema, "Munipeleke kwa Melkiori. Ni hapa tu."

Ni hapa tu. Kituo kilikuwa karibu kiasi kwamba ukiita kwa nguvu kutoka kwetu wanageuka.

Baba mdogo wako akasema, "Kwa ule Murundi? Atamumaliza." Mzee mmoja akatikisa kichwa, mwingine akatema mate. Halafu wakafanya jambo ambalo wanaume wa ukoo ule hawalifanyi, wakamgeukia mke. Wakaniuliza, "Mama Faida, weye unasema nini?"

Miaka yote hii ningependa kukuambia kwamba mwanamke hakupewa neno. Ningelala vizuri. Lakini nilipewa. Nikasema, "Tumupeleke Uvira, kwa muganga wetu."

Wetu. Sikusema muganga mzuri, wala aliye karibu. Muganga yule wa Uvira hata sikuwahi kumwona; nilijua tu ni Mufuliiru kama sisi, ana ndugu kule Lemera, na mama yake aliwahi kusali na mama yangu. Hayo yalinitosha kumkabidhi mume wangu. Melkiori nilimwona kila siku. Ndiye aliyekuchoma sindano ulipokuwa na malaria, na ulipona. Ile sindano haikuingia kwenye hesabu yangu hata kidogo.

Niache nikueleze hesabu hiyo, maana ndiyo iliyomzika baba yako. Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu aliyempeleka mtoto kwa Melkiori, mtoto akafa. Tuliisimulia kisimani, tukaisimulia shambani, tukaisimulia mpaka mtoto mmoja akawa kama watoto wengi. Muganga wa kwetu aliyekuwapo kabla yake watoto walimfia pia, lakini pale tulisema Mungu amempenda. Unaona jinsi tulivyo? Mtoto akifia mikononi mwa Melkiori, ni Melkiori. Akifia mikononi mwa mtu wetu, ni Mungu. Na usifikiri ni sisi peke yetu. Barundi wa bondeni nao wanatuhesabu hivyohivyo, na Mungu wao naye anafanya kazi hiyohiyo.

Simsifu Melkiori. Hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo mchafu, aliwatukana wanawake waliochelewa kuleta watoto, na siku ya soko alikunywa pombe ya kasigisi mpaka akaimba. Lakini hakuna aliyesema "tusiende kwake kwa sababu anakunywa." Muganga wa kwetu alikunywa zaidi.

Basi wakamweka baba yako kwenye tipoyi, machela ya miti, vijana wanne wakaibeba begani. Nilifuata nyuma, wewe mgongoni umelala. Njia ya kwenda barabara kuu inapita mbele ya kituo cha afya, hakuna nyingine. Melkiori alikuwa mlangoni anafuta mikono. Akauliza, "Munamupeleka wapi?" Baba mdogo wako akajibu, "Tunapita." Akasema, "Mumushushe kidogo nimuangalie." Vijana wakapunguza mwendo. Mmoja aligeuka akaniangalia mimi.

Nilitazama mbele. Nikaongeza hatua.

Baba yako aliinua mkono. Nilijiambia anamsalimu Melkiori. Mpaka leo najiambia hivyo.

Barabarani tulipata moto, pikipiki ya abiria, tukamfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva, baba mdogo wako akakaa nyuma kumshika. Mimi nikapata gari la magunia. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na njiani mto ulikuwa umefurika, magari yamesimama pande zote mbili, watu wanakula mahindi wakingojea maji yapungue. Nilimkuta baba yako pale kando ya barabara, chini ya turubai, midomo imekauka. Tulingoja mpaka jua likapinduka. Tulipofika Uvira, muganga wetu, mwenye ndugu Lemera, alimgusa tumbo, akaniuliza, "Tangu asubuhi mulikuwa wapi?" Baba yako hakufika hata kwenye meza ya kupasuliwa.

Je, Melkiori angemwokoa? Sijui. Pengine angeurudisha ule uvimbe. Pengine angeshindwa na tungemzika palepale Runingu. Wewe umesoma, utanitafutia hoja kwamba angekufa tu. Baba mdogo wako anazo nyingi. Lakini mtu alikuwa anakufa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza anaumwa nini. Tuliuliza muganga ni mtoto wa nani. Hilo tu.

Sasa kuna sehemu iliyo mbaya kuliko hiyo. Siku ya matanga, nyumba imejaa, baba mdogo wako alisimama akasema, "Barundi wametuulia ndugu." Mimi nilikuwa nimekaa chini na wajane wengine. Nilijua. Vijana wanne waliobeba tipoyi walijua, nao walikuwa pale wanakunywa chai. Hakuna aliyekohoa. Na mimi, Faida, yale maneno niliyapokea kama maji ya kisima mtu akiwa na homa. Maana kama wao ndio waliomwua, basi si mimi. Nililala usingizi usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Yule kijana aliyegeuka kuniangalia nilimkuta baadaye, akaniambia, "Mama, kumbe Melkiori alikataa kumupokea?" Alikuwapo! Bega lake ndilo lililobeba. Na mimi nikamjibu, "Alikataa." Hivyo ndivyo jambo linavyokuwa kweli kwetu. Halihitaji shahidi. Linahitaji watu wanaolipenda.

Ukawa mkubwa, ukauliza baba alikufaje, nikakupa hayohayo. Sikuwa na mengine ya kukupa ambayo yangekuacha unipende.

Melkiori tulimfukuza sisi wanawake. Tulikata matawi, tukaenda kituoni tukiimba, na mjane ndiye huwekwa mbele. Alitoka na baiskeli, mke wake nyuma na kuku kwenye kikapu. Aliniangalia tu, akangoja kidogo, kama mtu aliyeuliza swali. Wakaleta enfirmie wetu, shemeji yake na baba mdogo wako. Tulimpokea kwa ngoma. Alikuja siku anazotaka, na dawa zilikuja siku zisizojulikana. Unamkumbuka Mama Sifa, aliyekuwa anakupa miwa shambani? Alishikwa na uchungu siku ambayo enfirmie wetu alikuwa harusini. Alikufa na mtoto tumboni, mlango wa kituo umefungwa kwa kufuli. Tulipomzika tulisema, "Mungu amempenda." Mimi pia nilisema. Mdomo wangu mwenyewe.

Kutoka kwenye kaburi la baba yako, baba mdogo wako alipata kiti cha ubunge. Uchaguzi ulipofika alizunguka bonde lote na habari hiyo: kaka yangu alikufa kwa sababu hatuna mtu wetu kule juu. Wanawake tuligawiwa vitenge vyenye sura yake. Nilishona gauni. Fundi alikata vibaya, sura moja ikaangukia kifuani na nyingine kwenye tako la kushoto, nikawa nikikaa namkalia. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Nilimpigia kura kwa furaha yote. Sikumuuliza atafanya nini. Ni mtoto wetu, sasa utamuuliza nini?

Siwezi kusema hakufanya kitu. Aliezeka kanisa mabati. Alituma watoto kadhaa shule, na wewe ni mmoja wao. Lakini mfereji wa mpunga ulibomoka akiwa madarakani, na hakuuona. Kituo kiliota nyasi mlangoni. Uchaguzi wa pili nilikuwa najua yote haya, nimeyaona kwa macho, na nilimpigia tena. Ya kwanza tuseme nilikuwa mjinga. Ya pili? Nilikuwa nimekwisha kucheza barabarani kwa ajili yake, nimewatukana waliompinga, nimegombana na dada yangu wa tumbo moja. Kusema nimekosea kungekuwa kuwapa wote wale kicheko. Kwa hiyo nikacheza tena, kwa nguvu zaidi. Ukiona mtu anamtetea kiongozi wake kwa hasira kubwa kuliko iliyohitajika, usifikiri anampenda sana. Pengine ana aibu.

Unaniona ninakasirika. Ndiyo, iko hasira, lakini isome vizuri. Mimi nina hasira na akili yangu. Kila siku naishika ikiiba. Pale sokoni, ukinitembelea, utaniona nanunua unga kwa Mama Bahati kwa sababu ni wa kwetu, na unga wake una mchanga, wewe mwenyewe umevunja meno mara ngapi. Mama anayeuza pembeni yake ana unga safi. Ninampita, na miguu yangu inanipa sababu: ati yule hacheki. Nimeandika barua hii yote kuhusu kupita mlango, na leo asubuhi nimenunua wapi unga wa uji wako wa kesho? Kwa Mama Bahati. Tafuna polepole.

Kwa hiyo sikuambii uwe mtu asiye na upande. Simjui mtu wa namna hiyo, na akija kwako anasema ni yeye, shika mkoba wako. Kule Bukavu utafika, na siku ya kwanza vijana wa bonde watakuja kukupokea, watakubebea mzigo, watakuingiza kwenye mutualité yao, chama cha kusaidiana, na kwenye kundi lao la simu. Utafurahi, na mimi nitafurahi, maana ugenini mtu wa kwenu ni chakula. Halafu siku moja watasema jambo juu ya watu wengine, na wote mtakubali kwa pamoja, na itakuwa tamu. Weye chunga ule utamu. Minye nimeushiba, najua unavyoingia. Uongo wenye uchungu mtu anautema mwenyewe. Ule mtamu anaumeza na kuomba mwingine.

Na watakupenda kwa ajili ya baba yako. Watakuomba uieleze tena ile habari. Utaieleza vizuri zaidi kila mara, nakujua, una kipaji, umekirithi kwangu. Mara ya tatu utakumbuka vitu ambavyo hukuviona. Utamkumbuka Melkiori akicheka mlangoni. Mimi nimefika huko: kuna siku namwona anacheka, na lazima nikae chini nijiambie, hapana, alikuwa anafuta mikono.

Baba mdogo wako simchukii. Alimpenda kaka yake, na nadhani anaiamini habari ile kuliko hata wewe. Aliye nyuma ya baba yako kwenye moto alikuwa yeye, aliyemsikia akinyamaza alikuwa yeye. Ungekuwa yeye, ungesema nini kwenye matanga?

Sasa nikuambie nitakachofanya, usije ukakisikia kwa watu.

Jumapili nitapanda moto niende Runingu. Nitasimama kwa shefu, mbele ya wote, niseme kwamba Melkiori alituomba tumshushe mgonjwa, na sisi ndio tuliokataa, na neno la mwisho lilikuwa langu. Nitasema msichana yule aachwe afanye kazi. Akiwa mbaya wamfukuze kwa ubaya wake. Najua yatakayonipata. Shamba ni la ukoo wa baba yako, na mjane anayeuaibisha ukoo hazeekei juu yake. Masomo yako pia yako mikononi mwa baba mdogo wako, na kabla ya jioni atakuwa amekupigia simu. Pengine utarudi na sanduku lako hata hujalifungua vizuri, na utanichukia. Sikukuuliza. Ningekuuliza ungelia, na mimi ningenyamaza tena na kuwaambia watu nanyamaza kwa ajili ya mtoto. Ningepata sababu nyingine tamu. Sikutaka kukutumia hivyo.

Lakini sijidanganyi, Faida. Nikimaliza kusema, baba mdogo wako atatoa simu mfukoni na kuwawekea sauti yako. Upande mmoja atasimama mama mwenye mvi anayewaambia watu kwamba wote walikosea, na marehemu wao alikufa kwa mikono yao. Upande mwingine ni binti anayemlilia baba yake na kuwaambia kwamba hawana kosa. Mimi nawajua watu wangu, maana ni mmoja wao. Watakuamini wewe. Watakata matawi, na msichana yule atatoka kama Melkiori alivyotoka, na safari hii mjane hatakuwa mbele. Utakuwa wewe, ingawa uko Bukavu umekaa darasani.

Maneno yangu hayatoshi kuishinda sauti yako. Ni wewe tu unayeweza kuijibu. Simu unayo, na Jumapili haijafika.

Mama yako